Swali la Kandara

Tangu Jumapili kuna kitu kimenikaa kooni. Mjomba alilirudia mezani lile swali la Kandara kama utani, watu wakacheka. Posa ya dada imeshapokelewa, gari limerudi gereji tena, lakini mawazo yangu yote yako Murang'a, Aprili 1965.

Mnalijua. Mzee Kenyatta yuko jukwaani, na Bildad Kaggia, mbunge wa pale, yupo anasikiliza. Mzee anawataja mmoja mmoja wenzao wa kifungoni: Ngei amepanda kahawa, Kubai ana nyumba kubwa na shamba zuri, Kung'u Karumba ana mabasi. Halafu: Kaggia, wewe umejifanyia nini?

Nikiosha vyombo nalisikia. Nikiwa kwenye matatu nalisikia. Kaggia, wewe umejifanyia nini? Mtu ametoka gereza la Lokitaung, na anapimwa mbele ya watu wake kwa miche ya kahawa!

Kilichomponza Kaggia ni hesabu ya mashamba. Ardhi ya walowezi ilinunuliwa kwa pesa za mkopo, nyingi kutoka Uingereza, na deni likashushwa kwa mwananchi aliyegawiwa kipande. Unaanza na malipo ya kwanza, kisha unadaiwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5. Bado kuna mkopo mwingine wa ng'ombe na mbegu. Msimu mmoja mvua ikikosa, awamu inakupita na riba haikungoji. Aliyetoka msituni na Mau Mau au kizuizini hata hayo malipo ya kwanza angeyatoa wapi? Kaggia alitaka wasio na ardhi wapewe bure. Hakunyamaza, na Juni 1964 akapoteza wadhifa wake katika Wizara ya Elimu.

Nikifika hapo hasira inanitoka, naona fahari. Aprili 1966 Odinga alipoacha umakamu wa rais na KANU, chama tawala, akaongoza chama kipya cha upinzani, KPU, Kaggia alikwenda naye. Kabla mwezi haujaisha Bunge likapitisha sheria: ukihama chama kilichokudhamini, kiti chako ni wazi, rudi kwa wapiga kura. Juni vikagombewa viti 29. KPU, chama cha wiki chache, kinanyimwa vibali vya mikutano, kikapata 9, na jumla ya kura zake ilizidi za KANU. Kaggia mwenyewe aliangushwa Kandara. Mwaka 1968 akafungwa kwa mkutano uliosemekana hauna kibali, na 1969, mwaka KPU ilipopigwa marufuku, akarudi KANU. Mimi simlaumu hata kidogo. Uzeeni alikuwa na mashine ya kusaga unga huko huko kwao, na hakuna aliyeweza kusema ilitokana na shamba la mtu.

Mjomba akija tena nitamwekea mezani riba na awamu, kwa adabu zote.

Mahindi nayo hayajakauka. Unyevu ukizidi asilimia 13.5 ghalani hawayapokei, tukiyaweka ndani yataota kuvu, na turubai moja limetoboka.