Siku moja maishani mwangu: mgonjwa wa kitanda cha 14

Saa 1 asubuhi. Napokea wodi. Mwenzangu wa usiku anawapitia wagonjwa 13 haraka haraka, wa 14 anatukalisha. Baba wa makamo, homa siku ya nne, jana jioni kamwita mkewe kwa jina la dada yake. "Malaria hana, tumepima mara mbili," ananiambia huku akivua koti.

Saa 2:30. Wengi wakisikia ubongo umeguswa wanangoja degedege. Mimi huanza kwa kumuuliza anayeishi na mgonjwa. "Dokta, huyu si mtu wa kunyamaza hivi," anasema mke. "Na tangu jana vifungo vya shati vinamshinda." Namwambia anivute mikono. Wa kulia unanivuta hasa. Wa kushoto umelegea, na nikigonga kiwiko kwa kinyundo haushtuki. Lakini nikimfinya anakunja uso: maumivu anayasikia. Hapo nawaza virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu, ambavyo hushambulia zile seli za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli, mtu akapooza kama wa polio.

Saa 4. Kutoa maji ya uti wa mgongo. Mke anaogopa sindano itampooza kabisa. Namweleza kwamba tunachoma chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Mgonjwa anajikunja, magoti kifuani, nesi kamkumbatia asitikisike. Tone la kwanza, la pili, maangavu kama maji ya kunywa. Yangekuwa na ukungu ningeogopa bakteria kwanza. Dripu ya asiklovia, dawa ya virusi vya hapesi, tumeshaianza. Virusi vya mbu haivigusi, ila hapesi ya ubongo inatibika na haisubiri majibu.

Saa 7. Maabara wanapiga simu: chembe nyeupe zimepanda, nyingi ni limfosaiti, aina ya chembe nyeupe, sukari iko sawa. Inaelekea ni virusi, si bakteria. Chakula nakila nikiwa nimesimama.

Saa 8:30. Wanafunzi wananizunguka. Mmoja anauliza, mbona mbu wanauma watu wote na kalala huyu peke yake? Swali zuri. West Nile, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1937, watu 8 kati ya 10 wanaoambukizwa hawahisi kitu. Takriban 1 kati ya 150 ndiye hufikwa na haya, na wazee zaidi. Zika, kirusi kingine cha mbu, ina njia yake: huziua seli changa za ubongo wa mtoto aliye tumboni, ndiyo vile vichwa vidogo vilivyoishtua Brazili mwaka 2015. Nawakumbusha pia kwamba mbu wa Zika huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Mwingine anataka tupime virusi vyenyewe kwenye damu. Mara nyingi ubongo ukianza kuugua, kwenye damu vimeshapotea. Tunatafuta kingamwili za aina ya IgM, silaha za mwili dhidi ya kirusi, kwenye maji ya mgongo: ni kubwa, hazipenyi kirahisi kutoka kwenye damu, hivyo zikionekana huko maana yake zimetengenezwa huko huko. Majibu ni ya siku kadhaa.

Saa 11. Mke ananifuata koridoni. Dawa ya kuua kirusi hiki hatuna, namwambia. Homa itashuka, mkono unaweza kuchukua miezi, na wengine haurudi wote. Ananyamaza, kisha anauliza kama aanze kumnyoosha vidole. Anza leo, mama.

Saa 12 jioni. Nakabidhi. Kitanda cha 14: mhesabuni pumzi kila saa, misuli ya kifua isije nayo ikalegea.