Diski za filamu za kale ziligoma kucheza: jinsi nilivyotatua

Nakusanya filamu za Hollywood za miaka ya 1930 na 1940, zile ambazo hazina wanunuzi wa kutosha kujaza maduka. Studio hukuchomea nakala kwenye DVD ukishaagiza. Warner walianza utaratibu huo mwaka 2009 wakiwa na filamu 150. Kwangu ni neema kubwa, maana nyingine hazikuwahi kutoka kwenye diski kabisa.

Sasa, diski tatu nilizoagiza hapa Ohio zikagoma kwenye kompyuta. Inazunguka, inakwaruza, kimya. Nilikaribia kuzirudisha.

Nilipoigeuza moja niliona chini ina rangi ya zambarau. Hapo ndipo nilipoelewa. Diski ya kawaida hupigwa chapa kiwandani. Hii imechomwa kwa leza kwenye tabaka la rangi, na huakisi mwanga mchache kuliko ile ya kiwandani, hivyo lenzi iliyochoka haiioni vizuri. Tena nyuma ya kasha wameandika kwa herufi ndogo mno kwamba huenda isicheze kwenye kompyuta na mashine za kurekodia. Someni kasha, jamani!

Nikatafuta deki ya kawaida, ya kuchezea tu. Mbili zikacheza papo hapo. Ya tatu ilikwama katikati ya filamu. Nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, ikaenda hadi mwisho.

Sasa zote zinakaa wima kabatini, mbali na jua, bila kubandikwa karatasi.