Geji haitengenezwi, yazoewa

Neno la Shemeji bado linaniwasha. Wiki hii imekuwa na mengi, harusi ya binti wa Mama Mdogo imekwisha salama, stima imekatika na kurudi, bei mpya za petroli zimetangazwa. Lakini kila nikishika bisibisi linalonijia ni lile alilolisema juu ya geji ya petroli ya gari lake, mbele ya sinia la pilau, watu wote wakimsikia: "Geji ya gari kuukuu haitengenezwi, yazoewa." Wakacheka. Nami ndiye fundi wa umeme wa magari wa ukoo huu!

Nikamwambia, "Shemeji, yategemea yadanganya wapi." Akanijibu, "Kote." Nikamwuliza, "Ukijaza tangi, mshale wafika wapi?" Akanyamaza. Halafu akaulizia achari. Nimeirudia ile kimya yake kichwani mpaka nimechoka nayo. Niliiona ni dharau, kwamba swali langu halistahili hata jibu.

Maana swali lenyewe ndilo kazi nzima. Ndani ya tangi mna boya lililoshikwa na mkono wa waya mgumu. Boya likipanda na kushuka, mkono unaburuza vidole vyembamba vya chuma juu ya kibao chenye njia ya ukinzani, yaani inayouzuia umeme kiasi, nao ukinzani hupimwa kwa omu. Kwenye Toyota nyingi za zamani, kama hii Corolla ya Shemeji iitwayo 110, tangi likijaa utapima karibu omu 3, likiwa nusu karibu omu 32, likiwa tupu karibu omu 110. Geji ya dashibodi haioni petroli, inaona omu tu. Chochote kitakachoongeza ukinzani njiani, kutu au plagi ya nyaya iliyolegea, kwake ni petroli iliyopungua. Kuna magari ambayo mpango wake ni kinyume, mengi ya Marekani hasa, kwa hiyo usichukue namba za gari moja ukazibandika kwa jingine.

Hapa kwetu pwani, Mombasa, wa kwanza kushukiwa ni athi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Hewa ya chumvi inaingia chini ya boliti ya athi na kuila polepole, na kwa nje boliti unaiona nzima. Tuseme kutu imeongeza omu 10. Tangi likijaa geji inapata 13 badala ya 3, na mshale unasimama kabla ya F, alama ya tangi lililojaa. Tangi likiwa tupu inapata 120 badala ya 110, na hapo jicho halioni tofauti. Kwa hiyo geji inayodanganya juu na kusema kweli chini, anza na athi kabla hujagusa tangi. Washa swichi, weka mita ya kupimia umeme kwenye volti, mguu mmoja kwenye waya wa athi wa boya, wa pili kwenye hasi ya betri. Ukipata zaidi ya volti 0.1, fungua boliti, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa washa (kile kipete cha chuma) yenye meno, kisha paka grisi juu. Kazi imekwisha na hujanusa petroli.

Athi ikiwa safi, ng'oa kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko cha bati, na chini ya kifuniko ndiyo plagi. Nyaya nene ni za pampu, hizo usiziguse. Nyembamba ndizo za boya. Zima swichi, chomoa plagi, washa tena: mshale ulale E, alama ya tangi tupu. Kisha unganisha waya wa boya na athi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4: mshale upande kuelekea F. Balbu inaizuia geji isiungue, maana kuna mafundi wanaogusanisha waya kwa waya na kuacha hivyo wakavuta sigara. Na usiwe na haraka, geji nyingi za zamani zinakwenda kwa joto, mshale unaweza kuchukua hadi dakika mbili kutulia. Ukipanda vizuri, dashibodi na waya wake hawana kosa. Usipopanda, angalia kwanza geji ya joto la injini. Zote mbili zikiwa zimepotoka pamoja, mara nyingi ni kidhibiti cha volti nyuma ya dashibodi, si tangi.

Ya Shemeji, aliponiletea gari, ilipita mtihani wote huo, kwa hiyo ilibidi tangi lifunguliwe. Fanya hivi uwanjani, si ndani ya gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unatambaa chini hadi ukute jiko la jirani. Petroli iwe chini ya robo. Toa fyuzi ya pampu, washa injini ijizimie yenyewe ili presha iishe kwenye paipu, kisha fungua hasi ya betri. Pangusa vumbi lote kabla ya kulegeza skrubu, la sivyo litaanguka ndani na kuifuata pampu. Unapotoa boya, pindisha mkono wake taratibu upite kwenye tundu. Mpira wa kuzibia nunua mpya kabla hujaanza, kwa sababu ule wa zamani ukishatoka huvimba na haurudi mahali pake.

Tikisa boya sikioni. Likilia maji maji, basi petroli imeingia ndani yake, limekuwa zito, tupa. La Shemeji lilikuwa jepesi. Basi nikaweka mita ya mshale, si ya tarakimu, maana ya tarakimu hukosa mikatiko ya haraka, nikauinua mkono polepole kutoka chini. Omu 112, 108, kisha mshale wa mita ukaruka hadi mwisho, ukarudi, ukaruka tena. Kuanzia robo kwenda juu ukateremka laini mpaka omu 4 bila kukwama popote.

Nikakigeuza kibao juani. Upande wa E njia imelika, ina mfereji uliochimbwa na vidole miaka na miaka. Upande wa F hauna hata mkwaruzo, umeng'aa kama jana umetoka dukani.

Vidole huchimba pale vinapokaa. Hivi havikupata kukaa juu. Gari limeishi maisha yake yote chini ya robo, petroli ya shilingi mia tano leo, ya mia tano kesho kutwa, kutoka Mtongwe hadi Changamwe na kurudi, na lile swali langu la ukijaza tangi mshale wafika wapi, nililimwuliza mtu asiyewahi kulijaza, mbele ya wakwe zake. Dada, mkewe, hajawahi kuniambia kitu. Wala asingeniambia.

Basi kazi iliyobaki niliifanya nikiwa na fikira nyingine. Njia iliyokatika kabisa haina dawa, unanunua kibao kipya au unatafuta kizima kwenye gari lililovunjwa. Hii ilikuwa imelika tu, haijakatika. Nikaisafisha kwa dawa ya kusafishia plagi na kifutio cha penseli, kamwe si msasa, maana utando wenyewe ni mwembamba. Halafu kwa koleo nyembamba nikavisogeza vidole upande kwa unene wa uzi, vipite kwenye ukanda ambao haujaguswa. Mita ikapanda na kushuka bila kuruka.

Kuseti ni kuukunja mkono, na mkunjo mdogo wa kuteremsha boya chini unabadilisha pande zote mbili, chini na juu. Huwezi kupata vyote, lazima uchague. Mafundi wengi huchagua F, kwa sababu mteja hufurahi akiuona mshale umegonga juu kituoni. Kwa gari hili nimechagua E. Nimeuseti ulale E zikiwa zimebaki lita tano au sita, si sifuri, kwa sababu pampu hupozwa na petroli iliyomo, na pampu inayonyonya hewa haidumu. Kisha gari kwenye uwanja ulio sawa, petroli lita tano tano kutoka kopo la chuma, na kila mara kungoja mshale utulie. Nimemwandikia kikaratasi nikakibandika ndani ya sanduku la dashibodi, alama gani ni lita ngapi, kwa robo ya chini tu. Na chini yake: usisome kwenye mteremko wa feri. Pale Likoni gari likiinama petroli yote inahamia upande mmoja wa tangi, na hapo hata geji mpya haina la kukwambia.

Alikuja kulichukua jioni. Akawasha, akautazama mshale ukipanda taratibu. "Wasema kweli sasa?" Nikamwambia, "Huku chini, wasema kweli. Huko juu sikuhangaika nako." Akacheka kidogo, akauliza deni lake. Nikamwambia mpira tu.

Bi Mkubwa vifundo vya miguu vimemvimba tangu abadilishiwe dawa ya presha. Yeye ashikilia ni joto. Kliniki ni wiki ijayo, na nina hakika vile vidonge ameshaviacha, maana pakiti haipungui.