Sifa za upole zinazonitia hofu

Kwetu Mbeya ukitaka kumsifu binti unasema hana maneno. Hajibishani, hasumbui, akikosea anajilaumu mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Mdogo wangu amesifiwa hivyo tangu utoto wetu kule Tukuyu, na siku hizi sifa hizo zinanitia hofu.

Ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na soko la Mwanjelwa. Mwaka jana mteja alirudisha gauni la kitenge, mkono umebana. Akafumua, akaongeza kipande, mteja akaenda nalo harusini na kurudi kushukuru. Kwa fundi mwingine habari imeisha. Kwake ndiyo ilianza. Jioni tukimenya viazi: "Dada, hivi kwa nini sikupima mara mbili?" Kesho yake tena. Gauni lina mwenyewe, limeshachezewa muziki, sisi bado tunalo jikoni. Na maneno yakawa yanabadilika. Alianza na "mkono ule niliukata vibaya", ikawa "mimi sijui kushona", mwisho "hakuna ninachoweza".

Hapo nilishtuka. Wanasaikolojia Lyn Abramson, Martin Seligman na John Teasdale waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1978: kuna watu ambao baya likiwapata huona kosa ni lao, halitabadilika, na linagusa maisha yao yote. Mazoea hayo huifungulia mlango sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Mwenzao Susan Nolen-Hoeksema alichunguza kule kurudiarudia wazo lilelile. Alikuwa ameshawauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wanafanya nini wakiwa na huzuni, ndipo tetemeko la Oktoba 1989 likapiga eneo la San Francisco. Alipowapima tena, waliozoea kuizunguka huzuni yao bila kutoka walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona. Ardhi ilikuwa imewatikisa wote.

Sisemi mwenye tabia hizi lazima augue. Wengi hawaugui, na wachangamfu pia hupata sonona. Msiba, ukata, maradhi, kujifungua, hata kuirithi katika ukoo, vyote vimo. Ila mtu mwepesi wa wasiwasi, ambaye mshono mmoja ukipinda anajiona si kitu, huelemewa mapema. Naye kwa upole wake hatasema.

Kinachoniuma ni ushauri wetu: "Acha mawazo." Nani aliwahi kuacha kuwaza kwa kuamriwa? Mimi nilianza kumuuliza, kuhusu gauni hilo kuna cha kufanya leo? Kama kipo, tukifanye. Kama hakipo, vaa viatu twende Uyole tukachukue viazi. Ilisaidia kiasi. Lakini usingizi ulipopotea na chakula kikawa kinabaki kwenye sahani zaidi ya wiki mbili, tulikwenda hospitali, na ningemsihi yeyote asisubiri hata muda huo.

Mshauri wa pale alimpa kazi: wazo likija liandike, kisha lidai ushahidi. Ni njia inayotokana na kazi ya daktari Aaron Beck wa Marekani, tangu miaka ya 1960. Mdogo wangu aliandika "sijui kushona" nyuma ya daftari la vipimo, akapekua kurasa za mbele kuhesabu nguo zilizorudishwa. Ilikuwa ile moja.

Kliniki bado anakwenda. Akichoka wazo lile humrudia, ila sasa ananiambia siku hiyohiyo, likiwa bado linahusu mkono wa gauni.