Siku moja na pershi ya mita saba, Lubumbashi

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Mwezi wa saba hapa Lubumbashi maji ya kunawa yanauma vidole. Nakunywa chai, navaa koti juu ya koti, natoka Katuba kutafuta basi la kwenda mjini. Pershi, ile fimbo yetu ndefu inayochomoka vipande vipande, imelala kwenye mfuko wake mapajani mwangu na konda ananilipisha nafasi ya mtu wa pili. Nimezoea.

Saa moja na nusu. Jengo la ofisi, ghorofa tatu. Kazi yangu ni kupima detekta za moshi na za joto, vile visahani vyeupe vya darini ambavyo hakuna anayevikumbuka mpaka vilie. Naanzia kwenye santrali, lile sanduku la ukutani linalopokea taarifa za detekta zote: naiweka katika hali ya majaribio, nazima ving'ora, halafu napita mlango kwa mlango. "Tunapima. Mkiona moto wa kweli msingoje king'ora, pigeni kelele." Ukiruka hatua hiyo, watu wote watashuka ngazi mbio kwa ajili ya moshi wako wa kopo, na siku ya moto wenyewe watabaki wamekaa wakisema ni yule fundi tena.

Dari ni mita 3 tu, kazi inakwenda. Kikombe cha plastiki kwenye ncha ya pershi kinafunika detekta, moshi kidogo unatoka, nangoja taa nyekundu. Kidogo, nasisitiza. Kuna mafundi wanaopuliza kama wanaua mbu. Masalio yanaganda ndani na detekta inaanza kulia ovyo. Jikoni kuna detekta za joto, hizo zinapewa hewa ya moto kwa kifaa cha betri. Papa mlinzi ananishauri nifunge gazeti kwenye fimbo niliwashe. Kila jengo lina papa wa namna hii.

Saa tano. Ghala moja upande wa barabara ya Kipushi. Dari liko karibu mita 8, na hapa ndipo pershi inapoonyesha tabia yake. Natangulia kuchomoa kipande chembamba cha juu kabisa. Kitufe cha kukifunga kisirudi kinatoka: tak. Kinachofuata: tak. Nisiposikia mlio, navuta na kusukuma mpaka niamini. Mwaka wangu wa kwanza kitufe kimoja kilikuwa kimejaa vumbi, kikatoka nusu. Fimbo ikiwa juu, kipande kikateleza chini ndani ya mwenzake na kunibana nyama ya kiganja, karibu na kidole gumba. Alama ipo hadi leo. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kila mahali, kwa hiyo kitambaa cha kufutia hakikosi mfukoni.

Ninayefanya naye kazi ni kijana anayejifunza. Wengi wanadhani yupo ili anishikie fimbo. Hapana. Mimi macho yako juu. Yeye anatazama kule nisikotazama. Tumezungusha utepe, tumevaa kofia ngumu, na bado dereva wa foklifti anaukata utepe kama hauoni. "Mukubwa, simama!" Nasimama, pershi wima, siigeuzi hata kidogo, kwa sababu kule juu mtikisiko mdogo wa kiganja unakuwa myumbo mkubwa. Foklifti inapita. Kila baada ya detekta kumi tunabadilishana, maana shingo inakaza na mtu mwenye shingo iliyokaza huanza kufanya haraka.

Saa saba, bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga kwa mama wa nje ya geti.

Saa nane. Imebaki detekta moja, juu ya njia ya kreni. Chini yake kuna mafungu ya mizigo, na kandokando ya reli zinapita shaba zinazolisha kreni umeme, ziko wazi. Shefu wa ghala hana subira: "Inamisha fimbo kidogo tu, utaifikia." Pershi yetu ni ya faiba na ikiwa kavu na safi haipitishi umeme, lakini ile ya leo imepakwa vumbi na jasho tangu asubuhi. Tena fimbo ndefu ikilazwa mshazari uzito wake wote unahamia mikononi, huiongozi tena. Nikakataa. Akanuna, akaniuliza kama kweli mimi ni fundi.

Saa tisa umeme ukakatika. Santrali ikahamia kwenye betri bila kuyumba, tukaandika hilo kwenye daftari pia.

Saa kumi. Moshi umeshatoka ndani ya detekta, nasafisha kumbukumbu za alamu, narudisha ving'ora, na kijana anasoma kioo cha santrali kwa sauti mstari kwa mstari ili tusiache kitu kimezimwa. Detekta 42, zilizopimwa 41. Kwenye mstari wa ile moja naandika: "Haijapimwa. Kreni izimwe na swichi yake ifungwe kufuli." Shefu anasoma mara mbili, anatia saini, anasema tuje Jumatatu saa moja.