Gia nyeupe, meno mawili

Juzi mtoto wa dada kaniletea mashine ya gemu, PS2 ile nene ya mwanzo, aliyoikuta kwa babu yake, imeviringishwa ndani ya kiroba cha unga. "Anko, CD inasoma, DVD inakataa." Nikafurahi kimoyomoyo, maana maneno hayo tu yameshamaliza nusu ya kazi. Mashine hizi zina leza mbili ndani ya kichwa kimoja: ya CD, nanomita 780, ambayo jicho haliioni, na ya DVD, nanomita 650, nyekundu. Diski ya gemu yenye tumbo la buluu ni CD, yenye tumbo la fedha ni DVD. Moja ikisoma na nyingine ikakataa, usihangaike na umeme wala mota. Ugonjwa uko kichwani: ama uchafu, ama mkao, ama uchovu.

Nikafungua. Kwenye ile gia nyeupe ya pembeni mwa reli ya lenzi nikakuta mstari mdogo wa kalamu nyeusi. Fundi nisiyemjua alipita hapo miaka mingi nyuma, akaweka alama ili akipotea ajue pa kurudi. Nilikaa na bisibisi mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Mstari kama ule nimewahi kuuchora mimi, Idi ya mwaka 2006, kwenye banda la gemu la shemeji pale Ngamiani, Tanga.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, mabwawa yamekauka, umeme wa mgao. Shemeji alikuwa na mashine tatu, runinga tatu za kichogo na kijenereta cha petroli iliyochanganywa na oili. Hesabu yake haikuwa mbaya. PS2 iweke wati 50, runinga ya inchi 21 iweke 80, kwa hiyo seti tatu hazifiki wati 400, na kijenereta kile kiliweza 650. Tatizo lilikuwa kwenye kuchanganya. Injini ya aina ile inataka mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, yaani kama vifuniko vitatu vya chupa ya maji. Shemeji alimimina sita. Alikuwa na nadharia yake kwamba oili nyingi inaipa injini nguvu. Ilichoipa ni moshi wa buluu, na kijenereta kilikaa mlango wa nyuma, upepo unausukuma moshi ndani. Feni ya PS2 inavuta hewa kwa mbele na kuitupa nyuma. Vumbi la barabarani na moshi wenye mafuta vilipita humo kutwa, na lenzi iko njiani.

Hayo niliyaelewa baadaye. Siku yenyewe nilichoelewa ni kwamba saa saba mchana, banda limejaa kanzu mpya na magauni yenye maua, mashine ya tatu ilitoa kioo chekundu cha kusema diski haitambuliki, katikati ya watoto ambao hela zao za sikukuu shemeji alishazipokea. Shilingi 200 mechi moja, dakika 10, anayefungwa anatoka. Walikuwa wamelipia mpaka mechi ya tisa. Na hela hiyo shemeji alishaigeuza petroli.

"Fundi, tazama hapo," akaniambia, taratibu, ili watoto wasisikie. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ufundi wangu wote ulikuwa kuweka jezi za Coastal na African Sports ndani ya Winning Eleven, gemu la mpira, kazi ya usiku tatu ambayo wagosi wa mtaa mzima waliiona ni miujiza. Kwa kipimo hicho nilikuwa fundi.

Niliibeba hadi mezani nyuma ya pazia. Chini ya mashine kuna miguu ya mpira na vifuniko vya plastiki. Ukivibandua kwa ncha ya kisu unakuta skrubu, nane kwenye matoleo mengi, kumi kwenye yale ya mwanzo. Unazitoa zote, unaigeuza iketi kama kawaida, ndipo unainua kifuniko cha juu. Hapo ndipo wengi hulia: vitufe vya kuwashia na kutolea diski vimeunganishwa na utepe mwembamba kuliko karatasi, na ukivuta kwa pupa unachanika. Niliinua kama mtu anayefunua chungu cha wali wa shughuli. Utepe ukapona.

Kisha kifuniko cha diski, skrubu nne ndogo. Ndani yake kuna kipande cha mviringo chenye sumaku kinachoibana diski juu ya mota, na hiki ndicho kinachoifanya kazi hii iwe mateso. Huwezi kujaribu mashine ikiwa wazi. Bila kile kifuniko diski inateleza. Kila ukigusa kitu kimoja ndani, urudishe kifuniko, ukaze angalau skrubu mbili za pembe, uwashe, usubiri, uzime, ufungue tena.

"Fundi, bado?" Kichwa kidogo chini ya pazia, mdomo mwekundu wa ubuyu.

Lenzi ilikuwa na utando. Ukiiangalia kwa ubavu, kwa tochi, ilikuwa na ule ung'avu wa rangirangi unaouona juu ya dimbwi lililodondokewa na dizeli. Dawa yake ni alkoholi ya isopropili na pamba ya masikio, unazungusha kuanzia katikati kwenda nje bila kukandamiza, maana lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba kama nywele. Isopropili sikuwa nayo na maduka ya dawa yalifungwa. Shemeji akaleta marashi yake ya Idi. Nilikataa, na katika yote niliyofanya siku ile hilo ndilo ninalojivunia bila kusitasita: marashi yana mafuta, yangeongeza utando juu ya utando. Nikaomba spiriti ya kuwashia karabai. Nayo si dawa sahihi, ile rangi yake ya zambarau inaacha doa, kwa hiyo nilipitisha pamba yenye spiriti mara moja na pamba kavu mara tatu. Nikafuta reli pia. Mtu fulani aliwahi kuzipaka mafuta ya nazi, yakaganda na vumbi yakawa kama kashata.

Nikafunga, nikawasha. Kioo chekundu.

Nikafungua. Sasa gia nyeupe. Kazi yake ni kuinua au kushusha upande mmoja wa reli, yaani mwinamo wa lenzi kuelekea diski. Mwinamo ukikosewa kidogo mno kwa macho ya binadamu, mwanga unaorudi kutoka kwenye diski hauangukii panapotakiwa. Unaweka alama ya kalamu kwenye jino lililopo sasa, unasogeza jino moja, unajaribu. Haikusoma. Jino la pili. Kifuniko, skrubu mbili, washa. Lenzi ikafanya ule mlio wake wa kutafuta, tik, tik, halafu kimya, halafu diski ikashika kasi na mvumo ukatulia. Nembo ikatokea. Nyuma ya pazia watoto waliposikia muziki wa gemu walipiga kelele kama Coastal kafunga.

Laiti ningeishia hapo.

Dakika ya 30 ya mechi, ile ya saa ya kwenye kioo, picha ikaganda. Mchezaji mguu juu, mpira hewani. Nikajua kwa nini. Zote zile zilikuwa kopi, mashine zina chipu ya kuzikubali kopi, na diski ya kuchoma nyumbani inarudisha mwanga hafifu kuliko ya kiwandani. Leza iliyochoka inaweza kuisoma ya kiwandani na ikashindwa na kopi, hasa ukingoni mwa diski. Jibu la kweli lilikuwa lenzi mpya, na lenzi mpya ilikuwa Dar.

Jibu jingine lilikuwa pale pale. Pembeni mwa kichwa cha lenzi, kwenye utepe wake, kuna skrubu mbili ndogo kuliko punje ya mtama, sisi tukiziita voliumu. Moja ya CD, moja ya DVD. Ni vikinzani vya kuzungusha: ukishusha ukinzani, umeme mwingi zaidi unapita kwenye leza, nayo inawaka kwa nguvu. Utaratibu unajulikana. Unapima ukinzani kwa mita kabla hujagusa, unaandika namba, unasogeza kiasi ambacho jicho halioni, unapima tena. Uhai wa leza haushuki sawasawa na nguvu unayoiongezea; ukizidisha kidogo unapoteza mwingi.

Mita yangu ilikuwa nyumbani. Nyumbani ni dakika kumi na tano kwa baiskeli, kwenda tu.

Nimeirudia sekunde hiyo mara nyingi, na kila nikiirudia inazidi kuwa ndefu. Joto, moshi wa petroli umechanganyika na udi uliotoka nyumba ya pili, jasho linaniingia jichoni, na bisibisi ya saa imeshaingia kwenye mfereji wa ile skrubu, imekaa. Nasikia shemeji upande wa pili akiwatuliza watoto kwa hadithi. Namsikia mmoja akisema, kwa sauti ya mtu mzima kabisa, "Basi nipe hela yangu niende pembea." Vidole vyangu vikajua la kufanya kabla sijaviruhusu. Nilizungusha. Kama mshale wa saa kutoka saa sita hadi saa saba hivi, bila kupima, bila alama. Anayeijua kazi hii atakuwa ameshashika kichwa. Hicho si kiasi cha kurekebisha, ni kiasi cha kukomoa.

Ikasoma. Na ilivyosoma! Haikutafuta wala kugonga, ilivuta diski na kufungua gemu haraka kuliko zile mbili zilizokuwa nzima. Shemeji akanishika bega mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye fundi, si wale wa mjini." Mashine ile ilicheza hadi saa tano usiku bila kuganda hata mara moja. Mechi tisa zilizolipiwa zikachezwa zote, na nyingine nyingi baada yake.

Wiki ya tatu ikaanza kuchelewa kusoma asubuhi, halafu jioni, halafu kioo chekundu moja kwa moja. Nikaifungua peke yangu banda likiwa limefungwa. Lenzi safi, mkao sawa. Leza iliyochomwa hivyo haizimiki kama balbu. Inaendelea kuwaka, nyekundu ya kufifia, ila imeacha kuwa leza. Imekuwa taa tu, mwanga wake umetawanyika, hauwezi kusoma hata herufi moja. (Usichungulie kujihakikishia. Niliangalia mwanga kwenye kipande cha karatasi, na hata hivyo sishauri.)

Nilitoka nikiwa na sentensi kamili mdomoni. Shemeji akaniwahi: "Jenereta, si ndiyo? Nilijua tu. Umeme wake unapanda na kushuka." Nami nikasema, nakumbuka neno kwa neno, "Inawezekana."

Kwa kinywa cha fundi, "inawezekana" ni hukumu. Wiki ile ile akamuuzia jenereta jirani mwenye saluni ya kiume, kwa bei ya hasira. Lenzi mpya ikaja na basi kutoka Dar ndani ya bahasha, nikaifunga mwenyewe, nikakumbuka kutoa lile tone la risasi ya kulehemu ambalo baadhi ya lenzi mpya huja nalo kwenye utepe ili umeme tuli usiiue njiani. Ukilisahau, lenzi mpya haiwaki na unaanza kumlaumu muuzaji. Nilipima voliumu zake kwa mita, nikaandika namba, sikugusa chochote. Shemeji akanipa ufundi shilingi 5,000. Nikapokea.

Siku nyingine najitetea. Moshi wa kijenereta kile ndio ulioichafua lenzi tangu mwanzo, kwa hiyo kukilaumu hakukuwa uongo mtupu. Ilikuwa imebakiza miezi, labda, na zile kopi zingeimaliza tu. Halafu nakumbuka kwamba kupima ni dakika thelathini kwenda na kurudi, na watoto wale wangeweza kusubiri dakika thelathini, au wangekwenda pembea.

Mashine ya mtoto wa dada nimeisafisha kwa isopropili ya kweli, nikarudisha gia kwenye mstari wa yule fundi, ikakataa, nikaisogeza meno mawili upande wa pili, ikasoma DVD halisi bila shida. Kopi inazisoma kwa kusuasua. Kijana kaangalia video mahali fulani, akaninyooshea kidole kwenye zile punje mbili. "Anko, si ungeongeza hapo kidogo?" Nikamwambia mita haina betri. Ilikuwa nayo.

Idi iliyopita tulikula kwa shemeji. Baada ya pilau akaanza, kama kila mwaka, kuwasimulia wageni jinsi jenereta bovu lilivyomlia mashine enzi za banda, na jinsi alivyolitambua yeye mwenyewe kabla fundi hajasema neno. Akafika pale panapohitaji shahidi, akanigeukia.

"Au siyo, fundi?"

Nikamsogezea kachumbari.