Altaneta ya IST: bushi imesogea, chaji imerudi

Imechaji! Nimebadilisha altaneta (mashine inayozalisha umeme na kuchaji betri) ya Toyota IST yangu, na multimita kwenye betri inasoma volti 14.2 bila hata kukanyaga mafuta. Nikiwasha taa kubwa, AC na waipa kwa mpigo haishuki chini ya 13.8. Kabla ya hapo ilikuwa 12.1 injini ikinguruma, na taa nyekundu ya betri haizimiki.

Kufungua altaneta kwenye 1NZ, injini ya IST, hakuna jipya. Hasi ya betri kwanza, maana ule waya mnene wa nyuma una umeme muda wote. Kisha soketi ya plastiki, boliti ya juu (spana namba 12), boliti ya chini (namba 14), mkanda nje.

Kilichonitoa jasho ni sikio la chini, lenye tundu la boliti. Altaneta niliyochukua Gerezani, Dar es Salaam, mtumba wa Japani, inafanana na ya zamani kila kitu: puli, soketi, matundu. Lakini kwenye breketi haiingii. Inakosa kama milimita moja! Nikaiinamisha, nikaigeuza, nikaisukuma kwa goti, wapi.

Shida ni bushi, kipande cha bomba la chuma kilichoshindiliwa ndani ya sikio. Ukikaza boliti, bushi inateleza na kubana breketi bila kupasua aluminiamu. Kwa hiyo altaneta iliyowahi kufungwa kwenye gari huja na bushi iliyokwisha kusogea, na lazima uirudishe nyuma kidogo. Fundi mmoja akanishauri nisage sikio kwa grinda. Sikubali. Ukila chuma upande usiofaa, puli inatoka kwenye mstari na mkanda unaanza kulika ubavuni. Nyundo nayo siipendi hapo. Aluminiamu ikipata ufa umepoteza altaneta nzima.

Bushi yangu ilikuwa imeshika kutu, hata mafuta ya kulegeza hayakutosha. Jiliwa ya kubania sina. Nikapitisha boliti ndefu katikati, upande mmoja nikaweka soketi namba 21 ili bushi ipate pa kutokea, upande wa pili washa (kisahani cha chuma chenye tundu) ndogo kuliko bushi, nikakaza nati taratibu. Tak! Ikasogea. Altaneta ikaingia kwa mkono mmoja, nikapiga kelele mpaka mdogo wangu akatoka ndani.

Racheti kwenye boliti ile ya chini ni usumbufu, haina pa kuzungukia. Spana ya ringi ndefu ndiyo yenyewe.

Mkanda mpya tuliukaza wawili: mimi na mtaimbo kwenye mwili wa altaneta (kamwe si kwenye kava la plastiki), mdogo wangu akikaza ile boliti ya 12. Msizidishe kukaza, bearing za altaneta na za pampu ya maji ndizo zinazolipia.

Nilipanga nimalizie na plagi na kubadilisha kulanti (maji ya kupozea injini). Lakini nimeshaifungua altaneta ya zamani: kaboni moja, inayopeleka umeme kwenye rota (sehemu inayozunguka), imeisha karibu yote, rota yenyewe ni nzima, diodi zinapima vizuri. Hii inafufuka. Plagi zitasubiri, kesho nafuata kaboni na bearing mbili.